Kilimanjaro: jina la wapita njia

Ukiwa Moshi na mazungumzo yamedorora mezani, uliza tu Kilimanjaro maana yake nini. Mwalimu mstaafu atakwambia ni kilima kinachong'ara. Muongoza watalii aliyeshuka jana atasema hivyohivyo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuwaambia wageni, na wageni wanalipenda jibu hilo. Mzee wa Machame atatikisa kichwa: hilo ni neno la Kichagga, asili yake "kilemakyaro", safari iliyoshindikana. Hakosi wa nne, mara nyingi kijana mwenye simu mkononi, atakayesema Njaro ni jini la baridi. Mbege, pombe ya ndizi, itakwisha na hakuna aliyehama upande wake.

Mimi naona wote wanaanzia mahali pasipo. Wanaanza na maana. Jina la mahali huzaliwa pale mtu fulani aliposimama, akanyoosha kidole na kumtajia mwenzake kitu wanachokiona wote wawili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza maana, inabidi tumtafute huyo mwenye kidole: alikuwa nani, na alisimama upande gani? Kwa Kilimanjaro jibu la swali hilo liko wazi kuliko la maana, ingawa halitawafurahisha sana wenye mlima wao. Walionyoosha kidole walikuwa watu wa misafara, wenye pembe za ndovu, shanga na nguo za kubadilishana, waliouona mlima kwa mbali kabla ya kufika. Wenyeji waliokuwa wakiishi kwenye miteremko yake hawakuwa na haja ya jina hilo.

Tuanze na maandishi. Mwaka 1519 Mhispania Martín Fernández de Enciso aliandika kuwa magharibi ya Mombasa kuna mlima mrefu sana, naye akauita Olimpo wa Ethiopia. Jina la Kiafrika hakulitaja. Inabidi turuke miaka zaidi ya 300 hadi Rabai, nje kidogo ya Mombasa, walipokuwa wamisionari wawili Wajerumani waliotumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, CMS: Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Mwaka 1848 Rebmann alitaka kwenda Uchagga, na ilibidi apate ridhaa ya liwali wa Mombasa pamoja na kiongozi wa msafara, Mswahili mzoefu wa njia hiyo aliyeitwa Bwana Kheri. Krapf ameyaandika mazungumzo yao na liwali. Liwali alimwonya Bwana Kheri asithubutu kumpandisha mzungu huyo Kilimanjaro, kwani mlima umejaa majini. Waliowahi kupanda, alisema, waliuawa na mashetani, mikono na miguu yao ikakakamaa, na baruti yao ikakataa kulipuka.

Hapo pana jambo moja la kushika. Liwali yuko Mombasa. Rebmann hajakanyaga Uchagga, wala hajamsikia Mchagga akiwa kwao. Na tayari jina Kilimanjaro limekamilika midomoni mwa watu wa pwani, pamoja na sifa zake za kutisha. Ushahidi wa mapema kuliko huo kuhusu nani alilitumia jina hili sijauona ukiletwa na wale wanaosema limetoka mlimani.

Rebmann aliondoka Rabai Aprili 27. Njia ile inapita nyika ya Taru, isiyo na maji ya kutegemea, kisha vilima vya Taita, kisha tena nyika hadi Taveta. Asubuhi ya Mei 11, wakiwa bado nyikani upande wa magharibi wa Taita, akaona kileleni kitu cheupe alichodhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake kile cheupe ni nini. Kiongozi alijibu kwa neno moja: baridi. Nalipenda jibu hilo kuliko maelezo yote ya jina yaliyofuata. Mtu wa pwani, aliyepita pale mara nyingi kabla, hakuwa na sababu ya kuwa na jina la theluji. Alilolijua ni lile ambalo weupe ule huwafanyia watu wanaousogelea. Rebmann akaelewa papo hapo ni theluji, akaandika, na London wakamcheka. Mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwa miaka kuwa theluji karibu na Ikweta ni ndoto ya mmisionari mchovu, mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na tena 1862 na kuthibitisha.

Krapf ni mmoja wa watu wa mwanzo kujaribu kulifasiri jina kwa maandishi, katika kitabu chake cha safari kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Aliandika kuwa Waswahili wa pwani huuita mlima ule Kilimanjaro, na akatoa tafsiri mbili: mlima wa ukuu, au mlima wa misafara, kwa maelezo kwamba jaro ni misafara na mlima ule ni alama inayoonekana na misafara kutoka kila upande. Akaongeza kuwa wenyeji wa Uchagga wao huuita Kibo. Msomi aliyeishi na Warabai, aliyetunga kamusi ya Kiswahili, aliyezungumza na wapagazi na wafanyabiashara wenyewe, anatuachia tafsiri mbili na hachagui. Waliomfuata ndio waliochagua, na wengi wakachagua ile yenye fahari: ukuu.

Mimi ningechagua ile nyingine.

"Ukuu" hauna mguu wa kusimamia. Neno njaro lenye maana ya ukuu halionekani katika Kiswahili kinachojulikana, si cha Mvita, si cha Amu, si cha Unguja. "Kung'ara" nako kuna tatizo la sauti ambalo mwanafunzi yeyote wa isimu angelipigia mstari: ng' ya kung'ara haina tabia ya kugeuka nj. Tunasema king'arao, mng'aro, ung'arao; hakuna mahali katika ukoo wa neno hilo inapozuka nj. Nadhani tafsiri hii imeenea kwa sababu inapatana na picha. Mtu anauona mlima unang'aa, kisha analitafutia jina sababu.

Jini la baridi lilivuma zaidi kupitia Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa mlimani kwa miezi kadhaa mwaka 1884 na kueleza kuwa Njaro ni pepo anayeleta baridi. Tazama lakini maneno ya liwali: alisema majini kwa jumla, bila jina la jini yeyote. Naona uwezekano mkubwa kwamba hadithi ya majini ilikuwapo kwanza, halafu mtu aliyetaka kujua njaro ni nini akaambiwa, "ndiyo hayo majini yenyewe." Majina ya mahali hupata tafsiri za namna hiyo kila siku.

Wapo pia wanaolihusisha neno hilo na maji ya Kimaasai, ngare, ili uwe mlima wa maji. Kwa mito inayotoka pale dai hilo lina mvuto: Weruweru, Karanga, Himo na Lumi zote zinaanzia huko, na Kikuletwa na Ruvu zinaingia bwawa la Nyumba ya Mungu kabla ya kuwa Pangani. Ila Wamaasai walipoweka maji ndani ya majina ya eneo hili, yanaonekana bila darubini. Ngare Nairobi kule Siha ni maji baridi, Ngare Nanyuki chini ya Meru ni maji mekundu. Hata Manyara, mkoa jirani uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, unabeba jina la Kimaasai la mmea, emanyara, mnyaa tunaoujua wa kuzungushia boma. Mlima wenyewe Wamaasai waliupa jina lao, Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Hawakuhitaji kuazima kilima cha Kiswahili ili wabandike maji yao nyuma.

Inabaki misafara, na hapa pana utajiri ambao sioni ukizungumzwa vya kutosha. Kwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, charo ni safari. Ndiyo maana ya jina la mtu, Charo, ambalo ukienda Kilifi au Malindi utalikuta kila kona. Asili yake ni mtoto aliyezaliwa wakati wa safari. Kwa Wakamba safari ni kyalo, nao wana akina Kyalo wao. Kwa Kichagga ni kyaro, au charo kutegemea unatoka upande gani wa mlima. Lugha hizi tatu zinaizunguka njia ya Mombasa–Taita–Taveta–Uchagga karibu hatua kwa hatua. Rabai alikoishi Krapf ni kwa Wamijikenda. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe katika karne ya 19, waliofika pwani kwa misafara yao wenyewe. Na njia inaishia kwa Wachagga. Neno moja la safari linatembea na msafara kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

Mwenye jicho atauliza: charo ina ch, njaro ina nj, imekuwaje? Charo na kyaro ziko katika ngeli ya ki-, yaani ki- pamoja na mzizi -aro. Mzizi huohuo ukiwekwa katika ngeli ya N, irabu ya mwanzo huvuta nj, kama vile -ema inavyotoa nyumba njema. Kwa hiyo njaro au jaro, kwa maana ya safari nyingi, misafara, ni umbo ambalo sarufi ya Kibantu inaliruhusu. Hii ni dhana yangu na naiita dhana. Lakini inakubaliana na alichokiandika Krapf, kwamba jaro ni misafara, na inakubaliana na mahali jina liliposikika kwanza.

Kuna pingamizi la kilima. Kwa Kiswahili cha leo kilima ni mlima mdogo, na watu huuliza inawezekanaje mlima wa mita 5,895 uitwe kilima. Pingamizi hili linatisha kwa mbali tu. Ki- haidunishi kila inachokigusa. Kichwa si udogo wa kitu, kitanda vilevile. Katika Kikamba neno la kawaida la mlima, mkubwa au mdogo, ni kiima, na mlima huu waliuita kiima kyeu, mlima mweupe. Katika lugha za njia ile ki- ndiyo ngeli ya milima. Na kuunganisha kilima na nomino bila "cha" wala "ya" ni mtindo wa kawaida kabisa wa majina yetu: Kilimatinde kule Manyoni, na akina Kilimahewa waliojaa katika miji yetu. Hakuna anayesema Kilima cha Hewa.

Sasa turudi kwa mzee wa Machame, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Mwaka 1965 jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa toleo zima kuhusu Kilimanjaro, na ndani yake J. A. Hutchinson akapitia maelezo yote ya jina yaliyokuwapo. Maelezo ya Kichagga yako hivi: kilema ni kitu kilichoshinda, kilichokuwa kigumu, na kyaro ni safari au msafara, au njaare, ndege, kwa maana ya kilichomshinda hata ndege. Wageni walipouliza jina la mlima, wenyeji wakajibu kuwa haupandiki, umeshinda misafara, na wapagazi wakadhani wametajiwa jina.

Ni hadithi nzuri na inaweza kuwa na chembe. Matatizo yake ni mawili. La kwanza, inataka tuamini kuwa watu wa pwani, ambao walishapita pale kwa vizazi na walikuwa wakiuita mlima kwa jina, walikuwa bado wanauliza. La pili, Kilema ipo kama jina la mahali. Ulikuwa umangi (eneo la mangi, yaani chifu wa Kichagga) wa kwanza kwa mtu anayetoka Taveta, na ndiko Rebmann alikopokewa na Mangi Masaki. Rebmann analitaja Kilema na analitaja Kilimanjaro katika taarifa zilezile, na hachanganyi. Kama jina la mlima lingetokana na kilema, watu waliokuwa wakifika Kilema kila msimu wangekuwa wa kwanza kulitamka kwa e.

Hutchinson aligusia pia jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: Wachagga hawakuwa na jina la mlima mzima. Walikuwa na Kibo, kutokana na kipoo, chenye madoa, kwa sababu ya miamba myeusi inayotoboa theluji. Walikuwa na Mawenzi, kutokana na kimawenze, kilichopasukapasuka. Na walikuwa na hadithi ya kueleza kwa nini wa pili, wa mita 5,149, ana sura ile. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo akampa kaa, na juu yake akampa ndizi kavu. Mawenzi akaona njia rahisi ya kula: akauzima moto njiani, akarudi kuomba tena, na tena, mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi na kumtwanga kichwani. Vile vinundu unavyoviona ukiwa Himo ndiyo majeraha.

Katika hadithi hiyo hakuna Kilimanjaro. Kuna majirani wawili, mmoja mkubwa mwenye subira inayokwisha, mwingine mjanja. Mtu wa Marangu au Kibosho hakuishi "kwenye mlima". Aliishi kwenye kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, chini ya mangi wake, akinyweshwa na mfongo, mfereji uliochimbwa na ukoo wake, katikati ya mabonde mawili yanayomtenga na watu wa umangi mwingine ambao pengine walikuwa maadui. Kibo ilikuwa upande wa juu, upande wa heshima. Wafu walizikwa wakielekezwa huko. Kuuona mlima kama kitu kimoja, kuanzia mguu hadi kichwa, inabidi utoke nje yake, urudi nyuma mwendo wa siku moja au mbili nyikani. Anayefanya hivyo ni msafiri.

Kama unadhani nalilazimisha jambo hili, tazama mlima wa pili kwa ukubwa. Desemba 3, 1849, Krapf akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Kikamba, alionyeshwa kwa mbali mlima wenye theluji na akatajiwa jina lililokuja kuwa Kenya. Waliomtajia walikuwa Wakamba, wakiwa kwao, mbali na mlima. Wakikuyu wanaoishi miguuni pake waliuita, na bado wanauita, Kirinyaga. Jina lililoingia ramani, na baadaye likawa jina la nchi nzima, ni la watu waliouona kutoka mbali na waliofanya biashara na pwani. Milima miwili, wamisionari wawili wa kituo kimoja, tofauti ya miezi kumi na tisa, na utaratibu uleule.

"Wachagga" kama jina la watu wote wa mlima nalo limepitia njia hiyohiyo. Watu wa pwani walisema Uchagga, Rebmann akaandika Jagga, Wajerumani wakaandika Dschagga. Wenyewe walikuwa Wamachame, Wakibosho, Wauru, Wamarangu, Warombo, na bado ukimbana mtu wa huko atakwambia hivyo kabla ya kukwambia kingine. Wajerumani ndio waliofanya Kilimandscharo kuwa neno la shule na la stempu. Mkataba wa 1886 kati yao na Waingereza uliuchora mpaka wa maeneo yao upande wa kaskazini ya mlima, na ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima siku ya kuzaliwa tuiache kwa wauza kahawa ya hotelini.

Upande ambao watalii hulipa pesa nyingi kuupita, majina yamelala kwa tabaka kufuata mwinuko. Chini, kwenye migomba, kila jina ni la Kichagga: Machame, Umbwe, Marangu, Kilema, Mamba, Mwika. Ukipita msitu unaingia kwenye majina yaliyopachikwa mara mbili. Kibanda cha kwanza njia ya Marangu kiliitwa Bismarck, kikabadilishwa kuwa Mandara. Cha pili kiliitwa Peters, kwa jina la Carl Peters ambaye ukatili wake uliwashtua hata Wajerumani wenzake. Sasa ni Horombo, kwa heshima ya mangi shujaa wa Keni, Rombo, aliyeteka nusu ya mlima. Mabadiliko ya haki kabisa, ingawa na hilo la kwanza lina kichekesho ndani yake: Mandara ndilo jina ambalo wageni walimwita Mangi Rindi wa Moshi. Tumemwondoa Bismarck tukamweka Mchagga, kwa jina alilojulikana nalo kwa wageni.

Ukifika juu kabisa, Kichagga kinakwisha na Kiswahili karibu kinakwisha. Barafu zina majina ya Rebmann, Decken, Kersten, Heim, Credner, Drygalski. Kuna kreta ya Reusch, mmisionari. Kuna Gilman's Point na Stella Point. Furtwängler ni jina la Mjerumani aliyepanda mwaka 1912. Majina haya hayakumpokonya mtu jina la zamani, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiishi huko wala kuchunga huko. Wapandaji walikuta patupu wakajiandika. Na yana hatari ambayo ya chini hayana: tangu huohuo mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imekwisha, na barafu ikiyeyuka huondoka na jina lake. Oldoinyo Oibor na kiima kyeu vitabaki kuwa mlima mweupe usio na weupe.

Kilele chenyewe Hans Meyer, aliyefika na Ludwig Purtscheller Oktoba 6, 1889, alikiita Kaiser-Wilhelm-Spitze. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda alikuwa huko na bendera ya Tanganyika na mwenge, na pakawa Uhuru. Miaka miwili kabla, Oktoba 1959, Nyerere alikuwa amelitajia Baraza la Kutunga Sheria mwenge huo, utakaowekwa juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka. Wakati huo jina lilikuwa limeshahama mikono. Halikuwa tena la wapita njia.

Limehamaje? Jibu langu ni kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani waliunda chama cha kutetea haki yao ya kulima kahawa, jambo ambalo walowezi hawakulipenda hata kidogo. Joseph Merinyo alikuwa mstari wa mbele. Chama kile kilijiita Kilimanjaro Native Planters' Association, na kilipokufa kikarithiwa mwaka 1933 na KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), chama cha ushirika ambacho K yake ni hiyohiyo. Wangeweza kujiita kwa Machame, kwa Marangu, kwa Moshi, na wangegawanyika siku ileile. Umangi ulikuwa na uadui wa kurithi, kila mmoja na kumbukumbu ya nani alichoma migomba ya nani. Walihitaji jina ambalo halikuwa la mangi yeyote, na hapo wakalikuta la watu wa misafara, jina lisilo na ukoo wala bonde. Gunia la kahawa lililopelekwa Ulaya likaandikwa Kilimanjaro, na fedha ikarudi ikajenga shule. Naamini kile kilichowafanya watu wa mabonde yale waseme "sisi wa Kilimanjaro" kilianza kwenye mizani ya kahawa, muda mrefu kabla ya Mangi Mkuu Thomas Marealle kusimikwa mwaka 1952.

Kuna watu wanaotaka serikali itangaze tafsiri moja rasmi ya jina kwa ajili ya vitabu vya shule. Nawaelewa, walimu wanachoka kuulizwa. Ila kitabu kinachoandika kwamba Kilimanjaro ni "kilima kinachong'ara", basi, kinamnyima mtoto sehemu tamu ya historia yake: kwamba kuna liwali, Bwana Kheri, akina Charo na Kyalo, na babu zake waliokuwa wakiitazama Kibo bila kuhitaji jina la mlima mzima. Afadhali mwalimu awape watoto maelezo manne ubaoni, wabishane, na kila mmoja atetee lake kwa sauti na sarufi.

Limebaki jambo la Upare, ambalo katika mijadala ya jina hili husahaulika kabisa. Wakati wa Waingereza Upare ulikuwa Jimbo la Tanga, wakati Moshi na Arusha zilikuwa Jimbo la Kaskazini. Majimbo yalipovunjwa na mikoa kuundwa, Wapare wakajikuta ndani ya mkoa unaoitwa kwa jina la mlima wasioishi juu yake. Wao wana milima yao, ya Kaskazini na ya Kusini. Hujiita Vaasu, lugha yao ni Chasu, na hata Upare simulizi zinasema ni jina la kupewa na jirani. Wengine hunung'unika, na ukisikiliza siasa za mkoa, hasa inapofika hesabu za nani amepata nini, manung'uniko hayo hayajaisha. Rafiki yangu mmoja wa Usangi hujibu swali la "unatoka wapi" kwa kusema Mwanga akiwa nchini, na Kilimanjaro akiwa nje.

Mimi ningemwambia asione haya. Anayetaka kuuona mlima wote kwa mkupuo mmoja, Kibo upande huu, Mawenzi upande ule na tandiko katikati, hapandi Marangu, ambako migomba na mawingu humficha kila kitu. Anasimama kwenye tambarare ya Mwanga asubuhi kabla jua halijapanda, mahali ambapo misafara ya kutoka Pangani iliuona. Kwa kipimo cha nani alisimama wapi, jina Kilimanjaro linawafaa watu wa Mwanga na Same kuliko linavyowafaa watu wa Marangu.